Maziwa ya Mfungo

Mimi Insaf, Mkristo wa Kikopti wa mji wa Mallawi, Misri, niliuvunja mkono wangu kanisani kwa kiherehere. Nasema wazi, maana mji mzima unajua.

Ilikuwa Kwaresima. Kwenye mfungo sisi tunakula siyami tu: hakuna nyama, yai wala maziwa. Na mifungo yetu ni mingi, inapita nusu ya mwaka. Kwangu haikutosha. Nikajiongezea mingine, na hiyo siyami yenyewe nikaipunguza ikabaki mkate mkavu na chai. Ufuta wa kusaga na mboga za majani nikaviita anasa. Yote hayo ili nimshinde wifi yangu Nargis! Basi siku hiyo tunasujudu, Nargis kashuka taratibu, mimi nikajitupa puu kama gunia la vitunguu. Kifundo cha mkono kikalia ko.

Daktari, binti mdogo tu, aliitazama picha ya eksirei akaguna. "Mama, mifupa imekuwa myepesi. Hedhi ikishakoma mifupa inapungua, nawe huilishi. Kufunga si kosa, ila mkate na chai havijengi mfupa. Mwombe padri ruhusa ya maziwa. Ukianguka tena itakuwa nyonga, na kutembea tena ni majaliwa."

Maziwa! Kwaresima! Mimi niliyewabatiza wanawake wenye ruhusa hiyo "kina mama wa mtindi"!

Nikaenda kwa padri wetu, Abuna Sedrak, nikiomba moyoni akatae. Hakuningoja hata nimalize. "Kunywa, Insaf. Tena leo."

Nikajitanda shungi mpaka puani, nikaenda kwa muuza maziwa wa mtaa wa mbali, nisikojulikana. Mlangoni nikagongana na mwanamke aliyejitanda vilevile, kakumbatia chupa.

"Wifi?" akasema.

"Wee Nargis! Maziwa hayo ya nani?"

"Yangu. Nina ruhusa tangu mwaka juzi. Mifupa, wifi."

Jamani! Kumbe nilikuwa nashindana peke yangu. "Na ukaninyamazia, nikajimaliza hivi?"

"Haki ya Mungu nilitaka kukwambia. Nilikuja mpaka kwako. Nikakukuta unawachamba kina mama wa mtindi, watu hawana mbavu. Nikaogopa ulimi wako, nikarudi."

Aibu ilinibana mpaka machozi yakanitoka. Nargis akafungua chupa, akaninywesha palepale barabarani, maana mkono wangu ulikuwa kwenye plasta.