Pole Kabla ya Kipimo

Wagonjwa walimwita Daktari Pole, na jina hilo alilipenda kuliko shahada zake zote. Kila alipotaka kugusa jino alitamka kwanza "pole", kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa. Ndipo kile kijiti chembamba cha chuma, chenye mistari ya milimita, kilipoteremka kati ya jino na ufizi kupima kina cha mfuko uliokuwa hapo. Ufizi mzima hushikamana na jino, na kijiti hakifiki mbali. Ufizi mgonjwa huachia, na kijiti huzama.

Utafiti waliokuwa wakiuandaa ulikusudia kulinganisha namna mbili za kutibu maradhi hayo: kusafisha chini ya ufizi peke yake, au kusafisha kisha kupaka dawa ndani ya mfuko. Wapimaji walikuwa wawili, yeye na daktari mmoja mrefu, mchache wa maneno, ambaye wagonjwa walimbandika jina la Fundi Saa kwa jinsi alivyoinamia vinywa vyao. Profesa aliyeongoza kazi hiyo alishikilia sharti moja kabla ya kumpokea mgonjwa yeyote: mikono ya wapimaji hao isome kinywa kimoja na kutoa jibu moja. Kwa hiyo wafanyakazi waliombwa kuleta ndugu watakaoazimisha vinywa vyao kwa asubuhi moja.

Daktari Pole alimleta wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mpiga tarumbeta katika bendi. Wifi alikubali haraka kuliko ilivyotarajiwa, kwani alikuwa na lake. Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameanza kumsaliti; kila tarumbeta ilipoyaegemea aliyahisi yakisogea kidogo, na sauti za juu zilivuja hewa. Kiongozi wa bendi alikwisha kumtazama kwa jicho ambalo hakulipenda. Meno hayo yakienda, kazi nayo inakwenda.

"Fungua mdomo, wifi."

"Leo unaniomba niufungue? Nyumbani kila siku unaniomba niufunge."

"Ndiyo maana nimekuleta huku. Pole. Pole hapo. Na hapa, pole."

Alimaliza, akavua glavu, akatabasamu. Vipimo vilikuwa vya chini karibu kila mahali. "Fizi zako ni nzuri. Pengine ni midomo tu imechoka."

Wifi alishusha pumzi ndefu. Kisha akaja Fundi Saa, akainama, akapima bila kutia neno. Mara hii wifi alishika mikono ya kiti kwa nguvu, na pamba iliyotolewa kinywani mwake ilikuwa nyekundu.

Profesa aliweka majibu ya wapimaji ubavu kwa ubavu. Kwenye yale meno mawili, Daktari Pole alisoma milimita tatu. Fundi Saa alisoma sita.

"Kinywa ni kimoja," Profesa alisema, "lakini mimi hapa naona wanawake wawili."

Walibadilishana vijiti, wakavilinganisha. Havikuwa na kasoro. Profesa akaleta mizani ndogo ya maabara, akawataka wabonyeze juu yake kwa nguvu ile ile wanayoitumia kinywani. Mizani ikasoma sawa kwa wote wawili. Makosa yalikuwepo, na mkosaji hakuonekana.

"Tatizo mnalo nyie," wifi alisema, akiuvuta mkoba wake. "Mimi namwamini wifi yangu. Huyu bwana hakuwa anapima, alikuwa anachimba kisima. Kazi njema, waheshimiwa."

Ingekuwa rahisi kumwacha aende. Daktari Pole mwenyewe, kwa nusu ya moyo, alitamani iwe hivyo: wifi atoke mlangoni na meno mazima, na Fundi Saa aambiwe apunguze nguvu. Akamsindikiza hatua chache. "Pole kwa usumbufu, wifi."

Wifi akacheka. "Ewe na pole zako! Mimi nikisikia tu pole, naulegeza mwili, najua hapo huniumizi. Yule mwenzako hasemi, ndiyo maana roho iliniruka."

"Unajuaje kama sitakuumiza?"

"Si mkono wako unarudi? Unasema pole, halafu kijiti kinakaa juu juu, kama mgeni asiyetaka kuketi."

Daktari Pole alisimama. Alirudi kwenye mizani, akashika kijiti kama alivyokishika mwanzo, ila sasa akafanya kila kitu kama anavyofanya kinywani. "Pole," aliiambia mizani, akabonyeza. Akarudia. Profesa aliinamisha kichwa kutazama, naye Fundi Saa akasogea. Namba ilikuwa imeshuka karibu nusu.

Mara ya kwanza hakuisemea mizani neno lolote; nani huipa pole mizani? Lakini katika lugha yao neno hilo hutuliza maumivu na, likirudiwa, huamuru mwendo wa taratibu. Mgonjwa alisikia faraja. Mkono ulisikia amri, ukatii.

"Keti tena, wifi," alisema.

"Tena? Mimi nimekuwa gari la majaribio?"

"Mara moja tu. Sitasema kitu. Ikikuuma sana, inua mkono."

Ukimya ule ulikuwa mgumu kwa wote wawili. "Mbona umeninunia?" wifi aliuliza kwa mdomo uliojaa pamba, asijibiwe. Kijiti kiliteremka kando ya jino la kwanza la mbele, kikapita pale kilipozoea kupumzika, kikaendelea kuzama. Mstari wa sita ukafikia ukingo wa ufizi. Muda mfupi baadaye damu ikajitokeza, taratibu, ikilizunguka jino kama uzi.

Wifi alikuwa akimtazama usoni. "Sema."

"Fizi zina ugonjwa, wifi. Nilikuambia ni nzima, nikakosea."

"Yatang'oka?"

"Mfupa ulioliwa haurudi kirahisi. Lakini tukiutoa ukoga uliogandia chini, ufizi unaweza kulishika jino tena, likakaza. Siwezi kukuahidi. Ungeondoka leo, ningeweza kukuahidi kwamba yatang'oka."

Wifi alijifuta midomo. "Haya," alisema. "Niandikeni."

Aliandikwa katika utafiti. Kwa kuwa walikuwa ndugu, Profesa aliamua kwamba vipimo vyake vichukuliwe na Fundi Saa peke yake, na Daktari Pole asiambiwe lolote kuhusu tiba wala matokeo. Daktari Pole mwenyewe alirudi kujifunza kupima. Aliwaeleza wagonjwa kabla ya kuanza kwamba atanyamaza hadi amalize, na bado wapo waliotoka wakinong'onezana kwamba daktari siku hizi ana maringo. Nyumbani, mume wake, ambaye dada yake humwambia kila kitu, alijifunza kuongea habari za hali ya hewa.

Miezi ilipita, siku ya kipimo cha mwisho ikafika. Daktari Pole alikuwa kwenye benchi la korido wakati wifi alipotoka chumbani kwa Fundi Saa, mdomo umefungwa kama bahasha.

"Usiniulize."

"Sikuulizi."

"Nimekatazwa."

"Najua. Mmoja wa waliokukataza ni mimi."

Wifi aliketi kando yake, akapekua mkoba, akatoa pakiti ya biskuti. Alihangaika na kona ya plastiki kwa kucha, ikakataa. Basi akaipeleka kinywani, akaing'ata kwa meno yale mawili ya mbele.

"Wifi! Na hayo meno!"

Wifi alimtazama, pakiti ikining'inia. Kisha akavuta. Plastiki ikapasuka moja kwa moja, safi, toka kona hadi kona.

"Mimi sijasema kitu," alisema, akamkaribisha biskuti.