Radojka Apanda Mizani Sikukuuni

Uligeuza uso, usinibishie. Shemeji yangu Radojka aliponenepa tena baada ya kupasuliwa ili tumbo lipunguzwe, uliinamia sahani yako ukanong'ona, "Mlafi." Mimi sisahau.

Ulafi gani? Tundu la kutoka kwenye kitumbo kidogo alichoachiwa kuingia kwenye utumbo lilikuwa limelegea. Chakula kinapita mbio, njaa inarudi. Miaka mitano iliyopita daktari alimpitishia mrija mdomoni, bila kisu, akalishona tundu hilo likawa dogo.

Sasa kliniki ikatangaza: kati ya walioshonwa hivyo, asiyepimwa uzito kufikia jioni ya tarehe kumi na sita Novemba ataandikwa ameshindwa, na wakishindwa wengi, tiba hiyo itafutwa. Tarehe kumi na sita! Sikukuu ya mtakatifu anayeilinda nyumba yetu na nusu ya nyumba za kijiji, na mwenye nyumba haondoki, wala haketi, mpaka wageni washibe.

"Waniandike nimeshindwa, shemeji," Radojka aliniambia siku yenyewe, sufuria mkononi. "Niwaache wageni?"

Nikaenda kliniki nikiwaka. Nesi Ljubinka akanisikiliza, akacheka. "Sikukuu hiyo hamualiki mtu, si ndiyo? Anayejua anakuja tu. Basi nimejua." Akaikwapua mizani, tukafuatana hadi nyumbani.

Tulimkuta shangazi Desanka akimsukumia Radojka kabichi iliyoviringishiwa nyama.

"Kula, mwanangu, utapeperushwa na upepo!"

"Moja imenitosha, shangazi."

"Hata paka wangu anakula zaidi!"

"Ndiyo maana hapiti dirishani."

Mizani ikawekwa katikati ya jikoni. Radojka akavua viatu, akanikabidhi sufuria. Akapanda.

"Tisini na tano," nesi akasoma. "Kabla ya kushonwa, mia na kumi na mbili. Kilo kumi na saba, na hazijarudi!"

Vigelegele! Desanka, huyo huyo wa upepo, alinung'unika peke yake, "Lakini wembamba bado hana."

"Nani alitaka wembamba? Nilitaka kupanda ngazi za kanisa bila kuegemea ukuta. Nazipanda!" Radojka akaninyang'anya sufuria, akaendelea kupakua.

Wenzake tisa walioshonwa kama yeye hawakupimwa. Nao walikuwa wamesimama wakihudumia wageni. Nimepiga kelele kliniki mpaka wakaongeza siku, na orodha inafungwa Ijumaa. Wewe uliyegeuza uso unawajua, mmoja ni dada yako. Weka kijiko chini. Nenda kamshike mkono, umpeleke kwenye mizani, leo, kabla chai yako haijapoa.