Moshi Darini

Msabaha alipanda ngazi ya darini nyuma ya Bhavini, mkaguzi wa popo, meno ameyauma. Miezi kumi na minne alikuwa akisubiri kibali. Paa la nyumba yake ya Hounslow lilivujia vyumba vyote viwili vya juu, mama yake alikohoa usiku na mchana, na fundi hakuruhusiwa kubandua hata kigae kimoja kwa sababu popo kumi na mmoja, wanaolindwa na sheria ya Kiingereza, walilala humo. Kibali kingemruhusu fundi kufanya kazi hata kama popo angedhurika bila kukusudiwa. Ulibaki ukaguzi wa leo tu.

"Mimi nalipa, wao wanalala," alisema.

"Baba yangu kakulia Mombasa, Mzee Msabaha. Lawama za Kiswahili nimezizoea," Bhavini alijibu, akiwasha kurunzi. "Punguza sauti, utawaamsha."

Hakukuwa na wa kuamsha. Popo wote walikuwa wametoweka. Mbao zilinukia ubani, na kwenye boriti palikuwa na chetezo, majivu yamejaa.

"Nani kafukiza huku?" Bhavini aliuliza.

Haifa, mkewe Msabaha, alijibu kutoka chini ya ngazi. "Mimi. Juzi tulimsomea mama dua apone. Nyumba hufukizwa yote, si nusu."

"Na darini, Haifa?"

"Dari si nyumba? Maji yanayomuumiza mama yanatoka wapi?"

Msabaha alitaka kufoka, lakini kikohozi cha mama yake kilipenya ukutani.

Bhavini alishusha kurunzi. "Hii si ajali, mzee. Mtu kapanda na moto akawafukuza. Lazima niandike, na nikiandika, kibali kinasimama mpaka popo wahesabiwe upya. Hiyo ni kiangazi kijacho."

"Usiandike."

"Nitaandika."

"Basi andika ni mimi niliyefukiza. Mke wangu mwache."

"Msabaha," Haifa aliita, "hujawahi kushika chetezo maisha yako. Mwanangu, andika Haifa."

Bhavini aliandika Haifa. Msabaha akamzibia njia ya ngazi.

"Ongeza. Andika kwamba miezi kumi na minne watu wamekuja mara tano kuwatazama popo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo anayekohoa ni nani."

"Fomu haina nafasi ya hayo."

"Andika pembeni."

Hakusogea mpaka alipoona kalamu inatembea.