Maswahiba au Wapambe

Habari ya kifo cha Khalfan ilimkuta Jepkosgei kwenye korido ya chuo, Annandale, akisubiri darasa lililotangulia litoke. Aliyepiga simu alikuwa Sikujua, mke wa Khalfan, na hakuwa na maneno mengi: moyo umesimama, kwenye maegesho ya magari, waliomkuta hawakuweza kitu. Jepkosgei akasema, "Pole sana, wifi." Akatia simu mkobani, akaingia darasani, akafundisha kipindi kizima.

Siku hiyo alikuwa anafundisha jeshi la Makedonia. Alichora ubaoni safu za askari na mikuki yao mirefu, kila mkuki karibu mara tatu ya urefu wa mtu. Mwanafunzi mmoja akauliza, mtu wa mbele akianguka, yule aliye nyuma yake anafanya nini?

"Anasogea mbele," Jepkosgei akajibu, na akaendelea kuchora.

Kesho yake alikwenda mazikoni, akasimama upande wa wanawake na mtandio wake kichwani. Kulikuwa na katapila dogo la njano limeegeshwa chini ya miti, na muda wote wa dua macho yake yalikuwa kwenye lile katapila, akijiuliza dereva wake amekwenda wapi. Alijisubiri alie. Kilio hakikuja. Aliporudi nyumbani alifua nguo, akazikunja.

Watu waliowafahamu wawili hao kwa mbali walidhani ni maadui. Khalfan, mzaliwa wa Pangani, alikuwa mhadhiri wa historia ya kale katika chuo kikuu kimoja huko Maryland. Jepkosgei, mtoto wa mwalimu wa Iten, alikuwa na taaluma hiyo hiyo upande wa Virginia. Mara ya kwanza kukutana, Jepkosgei alikuwa ametoka tu kutoa mada kwenye mkutano wa wanahistoria. Mwanamume mwembamba mwenye miwani alimfuata hadi kwenye meza ya chai, akamwambia kwa Kiswahili cha pwani, "Dada yangu, ni nani aliyekufunza kumchukia Iskandari kiasi hiki?"

"Simchukii," Jepkosgei akasema. "Simwamini tu."

Wakaanzia hapo, na hawakuacha. Ugomvi wao ulihusu usiku mmoja wa karne nyingi zilizopita, katika mji ambao leo unaitwa Samarkandi. Iskandari, mfalme wa Makedonia, alikuwa kwenye karamu na wale watu wake wa karibu waliopanda farasi pamoja naye vitani na kula naye meza moja. Mmoja wao aliitwa Kleito. Huyo Kleito ndiye aliyewahi kumwokoa mfalme vitani, kwa kuukata mkono wa adui uliokuwa umeinuliwa kumpiga. Usiku ule wa karamu pombe ilikuwa nyingi, maneno yakawa makali, mfalme akashika mkuki akamchoma Kleito akafa. Kisha akajifungia hemani siku kadhaa, hali, hanywi, analia.

Hakuna anayebisha kwamba Kleito aliuawa. Kilichowagombanisha Khalfan na Jepkosgei ni kile kilio. Khalfan alisema mfalme alilia kwa sababu alikuwa amemuua rafiki. Jepkosgei alisema wafalme hawana marafiki, na kwamba lile hema lilikuwa jukwaa: mfalme alikaa ndani akingoja jeshi liseme kwamba Kleito alistahili kufa, na jeshi liliposema hivyo, akatoka, akala.

Mikutanoni walibishana kwa Kiingereza, na watu walihama kumbi nyingine kuja kuwasikiliza. Baadaye walikaa kwenye mkahawa mmoja mdogo Langley Park, wakaendelea kwa Kiswahili huku mashine za ujenzi wa reli zikinguruma barabarani. Hapo ugomvi ulikuwa mtamu zaidi, maana hawakukubaliana hata wale watu wa karibu wa mfalme waitwe nani. Khalfan aliwaita maswahiba. Jepkosgei aliwaita wapambe.

"Mpambe hafi kwa ajili ya mtu," Khalfan alikuwa akisema.

"Anakufa, akiwa amepewa shamba la kutosha."

Sasa Khalfan hayupo, na mkutano wa mwaka ulikuwa umekaribia. Bi Audrey, mwenyekiti wa kikao chao, akampigia simu Jepkosgei. Alizungukazunguka kidogo kabla ya kusema shida yake. Mada ya Khalfan ilikuwa tayari, alikuwa ameituma wiki moja kabla ya kufa. Je, Jepkosgei angekubali kuisoma?

"Najua ni kama kukuomba ujipinge mwenyewe," Audrey akasema. "Ukikataa nitaelewa."

"Nitaisoma," Jepkosgei akasema, kwa sauti ya mtu aliyeombwa asogeze kiti.

Mkutano ulifanyika Washington, kwenye hoteli kubwa isiyo mbali na mto. Ukumbi ulijaa. Jepkosgei alikuwa ameisoma ile mada mara moja tu nyumbani, na hakuna kilichomshangaza. Ilikuwa Khalfan mtupu, na mizaha yake, na sentensi zake ndefu zinazopita kwa jirani kabla ya kufika nyumbani. Akapanda jukwaani, akaanza kusoma bila kupandisha wala kushusha sauti.

Ukurasa wa tatu akafika mahali palipoandikwa: "Hapa ndipo rafiki yangu Jepkosgei anapokosea, na anakosea kwa ufasaha mkubwa." Watu wakacheka. Yeye akangoja wamalize, akageuza ukurasa. Alisikia sauti yake mwenyewe kama redio iliyo nyumba ya pili.

Alipomaliza walipiga makofi muda mrefu. Audrey akainuka kusema kwamba, kwa heshima ya marehemu, hakutakuwa na maswali. Lakini mkono ulikuwa umeshanyooshwa. Alikuwa Dakta Ethan, mtafiti aliyeajiriwa karibuni na chuo kimoja cha jijini, na kalamu yake ilikuwa tayari hewani.

"Namheshimu marehemu," akasema. "Lakini mada hii ni ya hisia kuliko ushahidi. Jeshi lilikaa, likatoa uamuzi kwamba Kleito aliuawa kwa haki. Mfalme hakulia, alisubiri kura. Dakta Jepkosgei amelithibitisha jambo hili katika kila alichoandika."

Audrey akamwangalia Jepkosgei kwa jicho la kumwambia, si lazima. Jepkosgei akakunja ile mada, akaishikilia kwa mikono miwili.

"Khalfan angekuuliza jeshi lilikuwa wapi," akasema. "Lilikuwa ugenini, mbali na kwao kuliko jeshi lolote la Makedonia lilivyowahi kufika kabla yake. Nchi yote ile ilikuwa imeasi, adui hajulikani atatokea kilima gani. Mfalme mwenye hesabu za kisiasa angetoka hemani asubuhi yake, akawaambia watu kwamba Kleito alikuwa msaliti, akapanda farasi. Huyu alilala chini, akaliacha jeshi halina kichwa. Ukisema ni mchezo wa kuigiza, unieleze ni mwigizaji gani anayeuchezea ndani ya nyumba inayoungua."

Kuna aliyepiga kofi moja, akaacha. Ethan akatabasamu kwa kutatizika.

"Lakini wewe umeandika kinyume cha hayo."

"Ndiyo. Nimeandika."

"Kwa hiyo umebadilisha msimamo?"

"La. Bado naamini nilichoandika. Lakini leo si zamu yangu."

Akashuka. Watu walimzunguka, wakamshika mabega, mama mmoja mtu mzima alikuwa analengwa na machozi. Jepkosgei aliwashukuru mmoja mmoja. Alijua kwamba amejibu vizuri, namna mtu anavyojua kwamba nje kuna baridi wakati yeye yuko ndani. Akachukua koti lake, akaendesha gari mpaka Columbia kwa Sikujua.

Mjane huyo alikuwa amekaa eda, hatoki. Alifungua mlango akiwa na kanga mbili, uso umemshuka, akasema, "Karibu ndani, wifi." Tangu zamani alimwita wifi, kama kwamba Jepkosgei na Khalfan walizaliwa tumbo moja, na Jepkosgei hakuwahi kumkosoa. Kulikuwa na wali na mchuzi wa samaki vilivyoletwa na majirani. Wakakaa mezani jikoni.

"Umemsoma?"

"Nimemsoma mpaka mwisho."

"Wamemshinda?"

"Mmoja alijaribu. Hakuweza."

Sikujua akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika. "Unajua alikuwa anafanya mazoezi hapa? Anatembea kati ya friji na dirisha. Mimi natoka zamu hospitali, miguu imevimba, ananiambia, mke wangu, leo wewe ndiye Jepkosgei. Sema wapambe. Nami nasema, haya, wapambe. Ananijibu kwa hasira kweli, mate yanaruka. Nikimwambia nimechoka nataka kulala, anasema, Jepkosgei hachoki." Akapakua wali. "Miaka yote nimekuwa wewe na sikuwahi kuelewa mnagombea nini. Hebu niambie. Huyo mfalme alimlilia mwenzake, hakumlilia?"

Jepkosgei alikuwa na jibu la kurasa mia mbili kwa swali hilo. Alilitafuta, akalipata, akaona halina maana ya kulitoa kwenye meza hii.

"Sijui, wifi," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile: "Mimi sijalia. Tangu uliponipigia. Nilienda darasani nikafundisha. Mazikoni nilikuwa naangalia katapila."

Aliogopa kidogo baada ya kulisema. Sikujua akamsogezea sahani.

"Mimi nimelia mpaka sasa nasikia njaa tu," akasema. "Hakuna anayekusimamia ulie. Kula."

Wakala. Samaki alikuwa na chumvi nyingi na hakuna aliyelitaja. Nje mtu alikuwa anakata majani kwa mashine, akienda na kurudi.

"Mwakani utakwenda tena huko kwenye mkutano?" Sikujua akauliza.

"Nitaenda."

"Utabishana na nani?"

Jepkosgei akafikiri. Alitaka kujibu kwa haki. "Yupo huyo kijana Ethan. Ana akili, amesoma sana. Lakini hafai."

"Ana nini?"

"Anakubaliana na mimi."

Sikujua akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, cha puani, akaziba mdomo kwa kanga kama aliyefanya kosa, kisha kikageuka kilio, mabega yakaanza kumtetemeka, akalala kifudifudi juu ya meza kati ya sahani. Jepkosgei akasogeza sahani ya samaki isimwagike. Akavuta kiti chake karibu, akaushika mkono wa Sikujua. Mkono ulikuwa wa moto na una nguvu, mkono wa mtu aliyezoea kuinua wagonjwa, nao ukambana vidole mpaka vikauma. Hakuutoa. Alikaa hivyo, macho makavu, akisikia maumivu ya vidole na hakuna kingine, mpaka mashine ya majani ilipozimwa na Sikujua akauliza, bila kuinua kichwa, kama kuna chai.

"Ipo," Jepkosgei akasema. "Kaa, naweka maji."