Ndoa Iliyofungwa Melini

Honi ya meli ililia kwa kishindo, mbuzi wa abiria wakaruka huku na huko, na kwa Regina hiyo ndiyo iliyokuwa kengele ya kanisa. Alivaa kanga ya kuazima, miguu imeganda matope ya Kagunga, na kando yake mchumba wake, Gervasi, anatabasamu kama aliyeokota lulu. Ulikuwa mwaka ule wakimbizi Warundi walipojaa pale ufukweni mwa ziwa, mpakani, hata pa kutandika mkeka pakakosekana. Shangazi Agnesi, aliyebaki kuwa mama na baba yake, alikuwa amemkabili nahodha, mikono kiunoni.

"Mtoto wa marehemu kaka yangu hashuki Kigoma na mwanamume asiye wake! Nasikia kule wanagawa watu kambi mbalimbali. Waozeshe!"

"Mimi Mwislamu wa Ujiji, mama," nahodha Pazi alicheka. "Hawa wako Wakatoliki."

"Humu mkubwa nani? Si wewe? Basi!"

Abiria wakashangilia. Nahodha akawauliza kama wanatakana, wakaitikia, akaenda kupiga honi. Nani angetia shaka? Kwao Burundi serikali ndiyo huozesha kwanza, padri hufuata. Na juu ya maji yale serikali yote ilikuwa ile kofia nyeupe ya nahodha.

Ndoa hiyo iliwapa hema moja kambini. Humo Regina alipika, akazaa, akazika. Majirani walipowalalamikia waume zao, yeye alijivuna kimoyomoyo: wenzake waliozwa mbele ya ukoo, yeye aliozwa mbele ya meli nzima.

Ndipo wakaitwa mjini Kigoma kuhojiwa, wahamie Ulaya alikotangulia kaka yake Gervasi. Afisa alikuwa Bi Winfrida, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliyejipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Ndoa mlifungia wapi?"

"Melini," Regina alijibu upesi, kidevu juu.

Bi Winfrida akaacha kujipepea. "Mwanangu, kazi ya nahodha ni kuendesha meli. Kufungisha ndoa hana kibali, si cha dini, si cha serikali. Kwa sheria, ninyi hamjaoana."

Regina alihisi kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Lakini si neno," mama yule aliendelea. "Kwa mkuu wa wilaya ni hapo juu tu. Mkatoe taarifa, itangazwe, mfungishwe. Faili lenu nitalishikilia, mtasafiri pamoja. Au vipi, bwana?"

Regina akamgeukia mumewe, nusura acheke kwa kushusha pumzi. Gervasi alikuwa akivuta uzi kwenye upindo wa shati lake. Aliuvuta, ukarefuka, akaendelea kuuvuta.

"Na mtu akiwa peke yake," aliuliza, "faili lake nalo linasubiri?"

"La. Hilo linakwenda mbele."

"Basi, mama, sheria ikisema hatujaoana, sisi wakimbizi ni nani tubishane nayo?"

"Na yule tuliyemzika?" Regina aliuliza.

Gervasi alitazama dirishani.

Njiani kurudi Bangwe, walikopewa chumba cha kulala, Regina alitembea nyuma yake kama alivyozoea, akilitazama lile shati alilolifua jana kwa mikono yake. Alitafuta wa kumlaumu. Nahodha? Alifanya utani wa huruma. Shangazi? Alimtakia heshima. Sheria, basi? Hata sheria haikumpokonya kitu. Ilifungua mlango tu, ikauliza nani anataka kutoka.

Alisonga ugali, akaunga dagaa kwa nyanya na kitunguu, maana njaa haijui aibu ya mtu. Gervasi akaja, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mikono anawishwe.

Tangu siku ile ya melini Regina hakuwahi kulitamka jina la mwanamume huyu. Alivyolelewa, mke hamtaji mumewe. Humwita bwana, au baba wa fulani, hata akiwa hayupo. Akamimina maji taratibu, kidole kwa kidole, mpaka jagi likawa tupu.

"Karibu chakula, Gervasi," alisema.

Gervasi aliinua uso, kama aliyeitwa na mtu asiyemjua. Mikono yake ikabaki hewani, ikidondosha maji, na kitambaa cha kumfutia kilikuwa bado begani kwa Regina.