Ibara ya Madini

Mwaka mzima wajumbe walikuwa wakiiandika katiba ya nchi yao ghorofani, Arlington, Marekani, kwa sababu vita havikuwa vimewaachia kule kwao jengo lenye paa. Wafadhili waliwapa ukumbi, kahawa, wanasheria, na ibara moja iliyokuja imekwisha kuandikwa. Ardhi ya juu ingekuwa ya mwananchi. Chochote kilicho chini yake kingekuwa cha kampuni za wafadhili hao kwa miaka tisini.

Euphrasia, mjumbe na mwanasheria aliyekuwa akija kila siku kutoka mji jirani wa Herndon, alitia sahihi kila ukurasa isipokuwa ule wa ibara hiyo. Baba yake alizikwa harakaharaka nyuma ya nyumba, risasi zikilia, na matanga hayajaanuliwa mpaka leo. Kwao mali ya marehemu haigawanywi kabla ya kuanua matanga, na hapa ilikuwa inagawanywa nchi nzima huku wafu wengine hawajapatikana. Aliyasema hayo mezani. Wafadhili wakamsikiliza, wakaitikia kwa vichwa, kisha wakamuuliza tena kama atatia sahihi. Watu wa adabu sana, wale.

Mwenyekiti Dunstan, mtoto wa mama yake mkubwa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na sahihi yake ilikuwa imeshakaa kwenye ukurasa ule. Mkono mtupu haulambwi, alimwambia. Bila sahihi ya kila mjumbe hakuna fedha, bila fedha hakuna walinda amani, na bila hao mama yake Euphrasia atafia katika kambi ya wakimbizi. Maneno hayo yalimchoma Euphrasia, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Dunstan akampigia mama huyo simu kambini, akaongeza sauti ili wote wasikie. Akamsomea ibara ile polepole, akamweleza kwamba akirudi shamba litakuwa lake, alime atakavyo.

Mama akashukuru. Akasema hema limemchosha, na angepata gari angeondoka kesho. Euphrasia alipoisikia sauti ile ikitetemeka kwa hamu, moyo ulimlegea, akaishika kalamu. Alikuwa tayari.

"Dunstan, mwanangu," mama akasema, "juu nitalima. Na siku nikifa, utanilaza wapi? Na baba yenu aliye chini tayari, atakuwa wa nani?"

Dunstan aliutazama ukurasa, akausoma upya toka mwanzo, midomo ikicheza bila sauti. Akaichukua kalamu mkononi mwa Euphrasia, akaikata kwa mstari sahihi yake mwenyewe.