Panzi Waliosahau Kuruka

Naapa haya ni kweli tupu. Nikidanganya, ulimi ukatike. Niliwafungia panzi kwenye chupa ya jemu mpaka wakachoka kugonga vichwa kifunikoni. Nikamwita shemeji yangu, fundi viatu, tukawekeana dau: wakitoka, achukue kiti changu cha barazani, wakibaki, aoshe vyombo vyangu.

Nikaondoa kifuniko. Panzi wakaruka, wakarudi chini kana kwamba bado kipo. Shemeji macho yakamtoka.

“Kifungo kimewasahaulisha kuruka,” nikamwambia.

“Shemeji, hii inatisha,” akasema, akaingiza kidole awaguse. Kidole kikatoboa nailoni angavu niliyoitandaza juu. Panzi wote wakaturukia usoni, mmoja akatua ndevuni mwangu.

Nayaandika haya nimesimama. Kiti kina mwenyewe.